Hii Amplifaya ni ya Mwaka Gani? Namna ya Kuchunguza na Kuweka Kumbukumbu za Amplifaya na Vinanda vya Umeme vya Uingereza

Kila wiki napokea picha iliyopigwa gizani: kabati jeusi, nembo imekatwa nusu, kidole cha mpigaji kimeziba kona, na chini yake swali lile lile, "Kaka, hii ya mwaka gani?" Nikijibu kwamba picha ya mbele haitoshi, la pili hufuata hapo hapo: "Basi nipe hata bei." Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Haya hapa yote mahali pamoja, ila bei, maana hiyo ni kazi ya wafanyabiashara.

Nazungumzia vifaa vilivyotengenezwa Uingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1970: amplifaya za gitaa za Vox, Marshall, Selmer, WEM, Hiwatt na Orange, pamoja na vinanda vya umeme kama Vox Continental na Compton. Si lazima uwe fundi. Unahitaji macho, subira, na tabia moja ambayo wengi wetu hatuna: kuandika ulichokiona kabla hujaandika unachokifikiri.

Vitu vya kuwa navyo

- Tochi na simu yenye kamera nzuri. Mwanga wa pembeni huonyesha maandishi yaliyofifia kuliko flashi ya usoni.
- Kioo cha kukuzia, rula na futi ya kupimia.
- Bisibisi bapa na ya nyota, na mifuko midogo ya kutilia skrubu. Kila mfuko uandike skrubu zimetoka wapi.
- Brashi laini ya rangi, mpya.
- Mita inayopima volti za DC hadi 1000, na rezista ya kilo-ohmu 10 ya wati 5 yenye waya zilizovikwa vizuri.
- Daftari la karatasi na penseli. Simu huishiwa chaji katikati ya kazi.

Hatua ya 1: Usiichomeke

Najua mkono unakuwasha. Lakini soma kwanza.

Amplifaya hizi ziliundwa kwa umeme wa volti 240, na plagi ya Uingereza ya pini tatu bapa ndiyo hiyo hiyo ya Kenya na Tanzania. Ukiikuta Mombasa au Moshi, itaingia ukutani bila neno. Mtego uko hapo. Ndani mna kapasita (vipuri vinavyohifadhi umeme) zilizozeeka miaka hamsini na zaidi, na pengine mtu aliwahi kukata waya wa ardhi ili kuondoa mvumo. Nyingine zina swichi ya kuchagua volti nyuma. Iliyoachwa kwenye 115 ikipewa 240 utasikia harufu kabla hujasikia gitaa. Andika swichi hiyo imesimama wapi, usiizungushe.

Hata ikiwa imechomolewa, amplifaya ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) inaweza kubaki na volti mia tatu au zaidi kwenye kapasita zake kubwa. Hizo zinaua. Kama umeiwasha karibuni, au hujui iliwashwa lini, pima kabla ya kuingiza mkono: ncha nyeusi ya mita kwenye chasisi (fremu ya chuma inayobeba vipuri), nyekundu kwenye upande chanya wa kapasita kubwa, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Ikisoma zaidi ya volti kumi, shusha kwa ile rezista kati ya sehemu hizo mbili, kisha pima tena. Usipitishe bisibisi moja kwa moja kama unavyoona watu wakifanya kwenye video. Na kama hujawahi kufanya kazi hii, mwite fundi aifanye mbele yako. Kumbukumbu itasubiri.

Hatua ya 2: Piga picha kabla ya kugusa chochote

Mbele, nyuma, pande zote, juu, chini. Kisha kila lebo peke yake, rula ikiwa pembeni. Kisha fungua ubao wa nyuma upige ndani kama palivyo, na vumbi lake.

Ndiyo, na vumbi lake. Kosa linaloniuma kuliko yote ni la mtu kukipata kifaa, kufurahi, na kukisugua kwa kitambaa chenye maji na sabuni kabla ya kunitumia picha. Ndani ya makabati ya zamani mafundi wa kiwandani waliandika kwa penseli na chaki: namba, herufi za jina, mara nyingine tarehe kamili. Chini ya chasisi mna mihuri ya wino. Kwenye kioo cha valvu mna chapa inayotoka kwa kidole kimoja chenye jasho. Ukishafuta umefuta, hakuna wa kumuuliza.

Majina ya faili yawe na mpangilio tangu mwanzo: aina, namba ya kifaa, sehemu, tarehe ya picha. Picha mia mbili zenye majina ya kamera ni takataka.

Hatua ya 3: Chora mstari katikati ya ukurasa

Kushoto andika NIMEONA. Kulia andika NADHANI. Huu ndio moyo wa kazi yote. Ukurasa wangu mmoja ulianza hivi:

NIMEONA: Paneli ya vidhibiti juu, rangi ya shaba. Matundu sita ya kuchomekea gitaa. Valvu nne ndogo za EL84 na moja ya GZ34. Spika mbili za inchi 12. Bati dogo nyuma lenye vidhibiti viwili zaidi. Kabati limevikwa ngozi bandia nyeusi. Kwenye kona iliyochubuka chini yake pana rangi ya maziwa.

NADHANI: Vox AC30 ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliyovikwa upya.

Ona ile kona iliyochubuka. Ningeandika tu "AC30 nyeusi" ningeipoteza, na anayesoma baada yangu angeijumlisha na zile nyeusi za baadaye. Upande wa kulia unaruhusiwa kubadilika kila siku. Wa kushoto haubadiliki.

Hatua ya 4: Jua familia yake

Hapa historia kidogo, kiasi cha kukusaidia kusoma lebo.

Vox ilikuwa jina la biashara la Jennings Musical Industries, JMI, ya Dartford, Kent. Tom Jennings alianza na vinanda: kampuni ya mwaka 1951 iliitwa Jennings Organ Company, na jina JMI lilikuja 1957. Amplifaya zilisanifiwa na Dick Denney. AC15 ilitoka 1958 na AC30 ikafuata 1959. Ya kwanza ilikuwa na matundu manne. Yenye matundu sita ilikuja baadaye kidogo. Bati dogo la nyuma lenye vidhibiti viwili, liitwalo Top Boost, liliongezwa kuanzia karibu 1961 na baadaye likaingizwa kwenye paneli yenyewe. Kwa kuwa liliweza kufungwa kwenye amplifaya iliyokwisha kuuzwa, bati hilo peke yake halikupi mwaka.

Jennings aliondoka 1967. Kuanzia hapo anwani kwenye lebo ya Vox inahama: Erith mwishoni mwa miaka ya 1960, Hastings mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1972 jina likaangukia kwa kampuni ya Dallas Arbiter. Angalia mtego mmoja: Jennings alirudi kazini hapo hapo Dartford na kampuni mpya, Jennings Electronic Industries, akatengeneza tena amplifaya na vinanda. Kwa hiyo "Jennings" na "Dartford" kwenye lebo moja si lazima iwe Vox wala miaka ya mwanzo.

Marshall ilianza kwenye duka la ngoma la Jim Marshall, Hanwell, magharibi mwa London. JTM45 ya kwanza ni ya 1962, ikifuata saketi ya amplifaya ya Fender Bassman ya Marekani. Kiwanda kilihamia Hayes 1964, kisha Bletchley 1966. Paneli ya plastiki ing'aayo ilitumika hadi katikati ya 1969, kisha ikaja ya aluminiamu. Hiwatt ni ya Dave Reeves, na ukifungua ndani utaijua hata bila nembo: waya zimelazwa kwa pembe mraba kama mkeka wa ukindu uliosukwa na bibi asiye na haraka. WEM ni Watkins Electric Music ya Charlie Watkins wa kusini mwa London, yule wa mashine ya mwangwi iitwayo Copicat ya 1958. Lebo za mapema husema Watkins tu, bila WEM.

Hatua ya 5: Soma namba za vipuri

Spika za Celestion zina herufi mbili na tarakimu zilizopigwa kwenye fremu. Herufi moja ni mwezi, nyingine mwaka, tarakimu ni siku. Miezi inaanza na A kwa Januari na kuishia M kwa Desemba, herufi I ikirukwa. Miaka nayo hutumia herufi hizo hizo kumi na mbili: A ni 1956, B ni 1957, hadi M ambayo ni 1967. Kisha A inarudi kuwa 1968.

Umeliona tatizo. Kila herufi ina miaka miwili, yenye pengo la miaka kumi na miwili katikati. J ni 1964, na J ni 1976.

Mimi niliumia hapo. Nilipokuwa mgeni huku Uingereza nilinunua kabati lisilo na nembo kwenye gulio la Jumapili, watu wanakouzia vitu nyuma ya magari yao. Nikaona J. Moyo ukadunda, nikamwambia mteja "1964" bila kupepesa, akalipa. Wiki mbili baadaye akanipigia: amekuta karatasi ya bei imenasa nyuma ya ubao, na juu yake imeandikwa VAT. Kodi hiyo ilianza Uingereza tarehe 1 Aprili 1973. Nilimrudishia tofauti ya bei, na chai juu.

Valvu za Mullard zina mistari miwili ya herufi ndogo za kijivu chini ya kioo, karibu na kitako. Mstari wa chini, kwa mfano B4D2, husomeka hivi: B ni kiwanda cha Blackburn, 4 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, D ni mwezi wa nne, 2 ni wiki. Kama herufi zimefifia, usisugue. Puliza pumzi ya mdomo taratibu kwenye kioo, shika tochi kwa pembeni, na uwe na kamera tayari. Zitaonekana sekunde chache kabla ya ukungu kukauka. Lakini kumbuka valvu ni kama taa, huungua na kubadilishwa. Tarehe ya valvu ni ushahidi mdogo.

Transfoma ni ushahidi mkubwa zaidi, maana hazibadilishwi ovyo. Nakili kila namba na jina la mtengenezaji: Radiospares, Drake na Dagnall utazikuta kwenye Marshall, Partridge kwenye Hiwatt.

Hatua ya 6: Tenganisha cha kuzaliwa na cha kupandikizwa

Kwa kila kipuri jiuliza: kilizaliwa humu? Angalia solda. Ya kiwandani imefifia sawasawa na jirani zake. Ya fundi wa baadaye hung'aa, au ina bonge kubwa, au imezungukwa na utomvu wa kahawia uliomwagika. Angalia matundu ya skrubu: kuna matundu mawili ya zamani pembeni ya mapya? Basi spika au transfoma ilibadilishwa.

Angalia pia waya wa umeme. Kabla ya takriban 1970 Waingereza walitumia nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa ardhi. Baadaye ikawa kahawia, bluu, na kijani chenye mstari wa njano. Waya wa kahawia kwenye amplifaya ya 1963 maana yake ni kwamba waya ulibadilishwa, si kwamba amplifaya si ya 1963. Wengi hukosea hapa na kuandika "si halisi".

Hatua ya 7: Karatasi, lebo na bei

Kadi ya dhamana, risiti, kitabu cha maelekezo, hata kipande cha gazeti kilichozibia tundu: usitupe. Karatasi ya Uingereza hujitaja umri yenyewe ukijua pa kuangalia.

Bei kwa gini, shilingi na peni za zamani ni ya kabla ya tarehe 15 Februari 1971, siku walipobadili hesabu ya pesa. Gini moja ni shilingi 21, na maduka ya muziki yaliipenda sana kwa sababu gini 100 husikika ndogo kuliko pauni 105. "Purchase tax", yaani kodi ya manunuzi, ni ya kabla ya Aprili 1973; VAT ni baada ya hapo. Namba ya simu ya London inayoanza na herufi tatu za jina la mtaa, kama TEM kwa Temple Bar, ni ya mtindo ulioanza kuondolewa 1966.

Hatua ya 8: Vinanda vina mambo yake

Kinanda hakisomwi kama amplifaya, na kwa maoni yangu ndiko kazi tamu iliko, kwa kuwa wachache wanaijali.

Vox Continental ilitoka 1962. Inatumia transista. Ina oktava nne, rangi za vibonye zimegeuzwa (vya kawaida vyeusi, vya nusu-sauti vyeupe), kifuniko chekundu cha kuelekea chungwa, na miguu ya kromu yenye umbo la Z. Baadhi zilitengenezwa Dartford, nyingine Italia, kwa hiyo lebo ya chini lazima ipigwe picha. Ndani mna bodi kumi na mbili, moja kwa kila noti. Kila bodi hutengeneza sauti ya juu kabisa ya noti yake, kisha huigawa kwa mbili, tena kwa mbili, kupata oktava za chini. Piga picha kila bodi pande zote mbili, na andika ilikaa tundu la ngapi kabla ya kuichomoa. Usiguse kabisa koili za kurekebishia sauti. Andika pia vilivyopotea: miguu, pedali ya sauti na kifuniko hutoweka kwanza.

Compton wa Acton, London, ni dunia nyingine. Vinanda vyao vya Electrone hutengeneza sauti kwa sahani zinazozungushwa na mota, na sahani hizo hupewa volti nyingi za DC. Vilikuwa vya makanisa na kumbi, vizito kama kabati la nguo. Usikihamishe kabla ya kupiga picha namna kebo zilivyopita ukutani, na mzee wa kanisa akikuambia kililetwa lini na nani, mwandike neno kwa neno.

Hatua ya 9: Toka nje ya kabati

Sasa, si kabla, tafuta maandishi. Matangazo ya magazeti ya muziki Melody Maker na Beat Instrumental yana picha na bei za mwezi husika. Matoleo mengi ya zamani ya magazeti ya muziki na redio yamechanganuliwa na yanasomeka bure kwenye tovuti ya World Radio History. Hati miliki za uvumbuzi ziko kwenye tovuti ya Espacenet. Tafuta kwa jina la kampuni na la msanifu. Matangazo ya kampuni kufilisika yako kwenye London Gazette, gazeti rasmi la serikali, na mafaili ya kampuni zilizofungwa yako National Archives (hifadhi ya nyaraka za taifa), Kew, London, kundi la BT 31.

Tangazo linakuambia kifaa kilitangazwa lini. Halikuambii hiki chako kilitoka kiwandani siku ile.

Hatua ya 10: Andika mwaka kwa mapana yake

Kifaa hakiwezi kuwa cha zamani kuliko kipuri chake kipya kabisa ambacho hakijawahi kuguswa. Anza na hicho. Andika "si kabla ya Mei 1963; pengine kabla ya mwisho wa 1964", na kando yake ushahidi uliokupeleka huko. Usiandike "1963" tu kwa sababu mnunuzi anataka namba moja.

Ukikwama

*Namba ya kifaa haipo kwenye orodha yoyote.* Kawaida. Orodha nyingi zimekusanywa na wapenzi kama wewe. Piga picha namba, endelea na vipuri.

*Vipuri vinatoa miaka inayopingana.* Rudi hatua ya 6. Karibu kila mara kimojawapo kilipandikizwa. Kama vyote ni vya kuzaliwa, kipya zaidi ndicho kinachoamua. Viwanda vilitumia akiba ya stoo ya miezi mingi.

*Hakuna nembo wala lebo.* Pima kabati kwa milimita, hesabu valvu na matundu, chora mpangilio wa transfoma. Nembo huibwa, mashimo ya chasisi hayaibiki.

*Mwenye nacho hataki kifunguliwe.* Usimlazimishe. Piga picha kupitia matundu ya nyuma ukitumia tochi, na andika "hakikufunguliwa" juu ya ukurasa.

*Continental imekaguliwa na fundi, imewashwa, lakini noti fulani haitoki.* Bonyeza noti hiyo kwenye oktava zote. Ikiwa C zote zimekufa, tatizo liko mwanzoni mwa bodi ya C. Ikiwa za chini tu ndizo zimekufa, ni moja ya hatua za kugawa. Ikiwa ni kibonye kimoja tu, anza na vumbi kwenye viunganishi vyake, na ile brashi laini.

*Amplifaya ya valvu iko tayari kuwashwa na fundi anauliza spika iko wapi.* Fundi huyo mshikilie. Anayewasha bila spika kuunganishwa anaweza kukuunguzia transfoma ya kutolea sauti, na ukurasa wako wa NIMEONA utabidi uongezwe mstari ambao hukuutaka.